Cheche Hutangulia Moto

Nyumba nyingi zinazoteketea kwa moto wa nyika haziguswi na ule ukuta wa ndimi unaoonekana kwenye picha za magazeti. Huchomwa na cheche. Vipande vya magome, vijiti, koni za misonobari na mabaki ya paa za majirani hunyanyuliwa na hewa ya moto, hupeperushwa mamia ya mita, pengine zaidi ya kilomita nzima, na kutua penye kitu kikavu: majani yaliyojaa kwenye gata, zulia dogo la makumbi mlangoni, kuni zilizopangwa ukutani. Cheche moja ikipata pa kukaa, inatosha. Moto wenyewe unapofika mtaani, nyumba kadhaa huwa zimeshaanza kuwaka.

Jambo hili linafahamika zaidi California, jimbo la magharibi mwa Marekani, ambako wakazi wamelijua kwa gharama kubwa ya mali na roho za watu. Huko kinga ya nyumba imekuwa kazi ya fagio, reki na ngazi, na hufanywa wiki kadhaa kabla ya gari la zimamoto kuhitajika. Wanaoelewa hivyo bado ni wachache kuliko inavyopasa, na wengi huendelea kuamini kwamba nyumba iliyo mbali na msitu haina la kuogopa.

Kwa nini Oktoba na Novemba

California hupata mvua zake wakati wa baridi, hasa kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei anga hukaa kavu kwa miezi mitano hadi sita. Nyasi hukauka mapema, mwanzoni mwa majira ya joto. Vichaka na miti huendelea kupoteza maji taratibu, na ifikapo Oktoba hata tawi linaloonekana la kijani huwa limebakiwa na unyevu kidogo sana. Ndiyo maana mioto iliyoua watu wengi haikuzuka katika jua kali la Julai. Ilizuka majani yakipukutika, siku zikifupika na watu wakidhani joto limekwisha.

Kisha upepo hugeuka. Siku za kawaida California hupulizwa na upepo wa bahari wenye unyevu. Katika majira ya kupukutika, hewa nzito ya baridi hujikusanya juu ya nyanda kame za Nevada na Utah, halafu humwagika kuelekea pwani kupitia mapengo ya milima. Hewa inaposhuka hubanwa, na inapobanwa hupata joto, karibu nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita moja inayoshuka. Hufika mabondeni ikiwa kali na ya kasi, huku unyevu wake mara nyingi ukiwa chini ya asilimia 10. Kusini mwa jimbo upepo huo huitwa Santa Ana. Kaskazini, kuzunguka Ghuba ya San Francisco, huitwa Diablo. Unapotarajiwa, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya bendera nyekundu, na kuanzia saa hiyo hata ubapa wa mashine ya kukata nyasi ukigonga jiwe unaweza kuunguza mtaa.

Afrika Mashariki ina majira yake, lakini kalenda hukutana mahali pamoja, kwa kuwa Oktoba ni mwisho wa kiangazi kirefu, vuli ikiwa bado haijaanza. Ni katika mwezi huo, mwaka 2020, moto ulipozuka eneo la Whona, kituo cha kupumzikia kati ya kambi za Mandara na Horombo katika Mlima Kilimanjaro, ukaunguza takriban kilomita za mraba 95 za hifadhi. Mwenye nyumba ya makuti, au mwenye ua uliozungukwa na nyasi zilizogeuka rangi ya kahawia, anaishi katika hatari ya aina ileile. Kinachotofautiana ni nguvu ya upepo.

Mafunzo ya Oakland, Santa Rosa na Paradise

Jumamosi ya 19 Oktoba 1991 moto mdogo wa nyasi ulizuka kwenye vilima juu ya mji wa Oakland. Askari wa zimamoto waliuzima na kuacha mipira ya maji hapohapo kwa tahadhari. Lakini makaa yalikuwa yamejificha chini ya tabaka nene la sindano za misonobari zilizooza nusu. Jumapili, kabla ya adhuhuri, upepo wa Diablo ukayaamsha. Katika saa ya kwanza peke yake nyumba 790 ziliwaka. Moto ulipodhibitiwa, watu 25 walikuwa wamekufa na nyumba zaidi ya 2,800 zimeteketea.

Paa nyingi za Oakland zilikuwa za vigae vya mbao. Miti iliyozizunguka ilikuwa misonobari pamoja na mikaratusi, mti uliotoka Australia na unaopandwa kwa wingi Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa ajili ya nguzo na kuni. Majani ya mkaratusi yana mafuta yanayowaka upesi, na magome yake huchanika kwa mikanda mirefu inayoning'inia shinani. Mkanda wa gome unaowaka ni mwepesi, una eneo kubwa la kushikwa na upepo, na husafiri mbali kabla haujazimika. Kuwa na mikaratusi shambani si kosa. Kuiacha iegemee paa ni hatari ambayo mwenye nyumba amejitengenezea mwenyewe.

Usiku wa 8 Oktoba 2017 moto uliopewa jina la Tubbs ulianzia karibu na Calistoga, ukafika Santa Rosa saa chache baadaye na kuruka barabara kuu ya 101 yenye njia sita. Ng'ambo ya barabara hiyo kulikuwa na Coffey Park, mtaa wa tambarare wenye nyumba zilizosongamana, ambao hakuna aliyeuhesabu kuwa jirani wa msitu. Zaidi ya nyumba 1,000 za mtaa huo ziliungua. Hakuna familia inayoweza kulima mkuza wa kuzuia moto wenye upana wa barabara ile, na cheche zilipita juu yake.

Mwaka uliofuata ikaja zamu ya Paradise, mji wa watu takriban 26,000 uliojengwa juu ya mgongo wa mlima katika kaunti ya Butte. Asubuhi ya 8 Novemba 2018, karibu na kijiji cha Pulga, kulabu kuukuu ya mnara wa umeme ilikatika, waya ukagusa chuma na cheche zikadondoka kwenye nyasi. Mvua ya maana ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Kabla ya jua kupanda vizuri, mioto midogo ilikuwa ikizuka ndani ya mji wakati moto mkuu ukiwa bado upande wa pili wa bonde. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee, na majengo zaidi ya 18,000 yaliharibiwa. Mwaka 2020 kampuni ya umeme ya Pacific Gas and Electric ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia.

Picha zilizopigwa Paradise baada ya moto zinaonyesha jambo ambalo kila mwenye nyumba angepaswa kulitazama kwa utulivu. Nyumba imekuwa majivu. Kilichosalia ni bomba la moshi la matofali na mashine ya kufulia iliyojikunja kwa joto. Hatua chache tu kutoka hapo, msonobari mrefu umesimama na sindano zake za kijani. Kama wimbi la moto ndilo lililokula nyumba ile, mti usingesalia. Nyumba iliwashwa na cheche au na nyumba ya jirani, ikaungua peke yake kwa muda mrefu, huku mti ukisubiri.

Watafiti waliozichunguza nyumba za mji huo walikuta kwamba zilizojengwa kabla ya 1997 zilisalia asilimia 11.5 tu, na zilizojengwa mwaka huo au baadaye zilisalia asilimia 38.5. Sehemu ya tofauti hiyo ni vifaa bora vya ujenzi. Lakini jambo jingine lilijitokeza kwa nguvu, nalo ni umbali kati ya nyumba na jengo la karibu lililoungua. Nyumba iliyobanana na banda la jirani lililowaka ilikuwa na nafasi ndogo ya kupona, hata kama ilijengwa vizuri.

Mita 30 zinazoamua

Aliyeeleza mapema kwa nini mambo huwa hivyo ni Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyefanya kazi katika maabara ya sayansi ya moto huko Missoula, Montana. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Northwest Territories nchini Kanada, vipande vya msitu vilichomwa kwa makusudi huku kuta za mbao zikiwa zimesimamishwa kwa umbali wa mita 10, 20 na 30 kutoka ukingo wa miti. Baadhi ya kuta za mita 10 zilishika moto. Zilizokuwa mbali zaidi hazikuwaka, ingawa ndimi zilikuwa kubwa mno. Sababu ni muda, kwa kuwa moto wa vilele vya miti humaliza majani ya mahali pamoja kwa takriban dakika moja, na dakika moja ya joto la mbali haitoshi kuwasha ukuta wa mbao.

Hitimisho la Cohen lilikuwa jepesi kulitamka na gumu kwa wengi kulikubali. Hatima ya nyumba huamuliwa na hali ya nyumba yenyewe pamoja na mita 30 hivi zinazoizunguka. Msitu ulio mbali zaidi ya hapo una umuhimu wake kwa mambo mengine, lakini hauwezi kuichoma nyumba bila kutuma cheche. Hii ni habari njema, maana mita hizo kwa kawaida ziko mikononi mwa wanaoishi hapo. Sheria ya California inawataka wenye nyumba katika maeneo ya hatari kutunza ukanda wa futi 100, sawa na mita 30, na mwaka 2020 ikapitishwa sheria inayotaka futi tano za kwanza ziwe na masharti makali zaidi.

Mita moja na nusu ya kwanza

Futi tano ni mita moja na nusu, na katika eneo hilo jembamba ndimo kazi yenye faida kubwa kuliko zote ilimo. Kanuni yake ni kwamba kisiwemo kitu chochote kinachoweza kuwaka. Kokoto, mawe, saruji au udongo mtupu ndivyo vitandazwe chini ya kuta. Magome ya miti yaliyosagwa, ambayo wengi huyatandaza kwenye vitanda vya maua ili kuhifadhi unyevu, hufuka polepole kwa saa nyingi na kupeleka moto hadi ukutani. Kichaka kilichopandwa chini ya dirisha kwa ajili ya urembo huwaka na kupasua kioo, na kioo kikishapasuka cheche huwa zimefunguliwa mlango wa sebule.

Kuna njia rahisi ya kujua cheche zitatua wapi siku ya upepo, nayo ni kuangalia majani makavu yamejikusanya wapi leo. Upepo unaoleta majani ndio unaoleta makaa, na huvitua vyote viwili palepale unapopungua nguvu: pembe ya ndani ya kuta mbili, chini ya ngazi, nyuma ya pipa la taka, mahali miteremko miwili ya paa inapokutana. Zulia la kufutia miguu lililofumwa kwa makumbi ni mfano mzuri. Ni kavu, lina nyuzi nyingi zenye hewa katikati, na limelala kwenye kizingiti cha mlango wa mbao, mahali ambapo upepo hujipiga na kutulia. Makaa madogo yakilidondokea hujichimbia ndani, hufuka, na baada ya dakika chache huwaka. Zulia hilo huingizwa ndani tahadhari inapotolewa, pamoja na mito ya viti, mapazia ya baraza na mifagio.

Paa ndilo sehemu kubwa kuliko zote inayoelekea angani, kwa hiyo ndilo hupokea cheche nyingi zaidi. Mabati, vigae vya udongo na vigae vya saruji haviwaki. Vigae vya mbao, makuti na nyasi huwaka, na hakuna usafi wa ua unaofidia paa la namna hiyo. Wanaolazimika kukaa chini yake wanapaswa kuongeza umbali kati ya nyumba na kila chanzo cha moto, kuanzia jiko la mkaa. Hata paa zuri lina mapengo. Vigae vya udongo vya nusu duara huacha matundu pembeni mwa paa, na ndege hujenga humo viota vya nyasi. Matundu hayo huzibwa kwa chokaa au saruji.

Gata hustahili kupandiwa ngazi. Likiwa la plastiki na limejaa majani, huyeyuka na kudondoka likiwaka chini ya ukuta. Likiwa la bati, hubaki mahali pake na kushikilia majani yanayowaka yaunguze ubao wa pembeni mwa paa. Kwa vyovyote dawa ni moja, yaani kulisafisha kabla ya msimu na kulirudia kila majani yanapodondoka. Katika majira ya kupukutika, gata lililosafishwa Septemba huwa limejaa tena Oktoba, na hapa ndipo wengi wenye bidii hukosea.

Matundu ya hewa nayo ni njia ambayo watu huisahau kwa kuwa haionekani. Cheche hupenya, hutua darini penye vumbi, maboksi na nguo za zamani, na nyumba huanza kuungua kutoka juu bila dalili nje. Wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 huzuia makaa makubwa. Wa milimita 1.6 huzuia zaidi, ila unahitaji kusafishwa mara kwa mara kwa sababu huziba kwa vumbi na rangi. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina matundu juu ya madirisha yaliyofungwa wavu wa plastiki wa kuzuia mbu. Wavu huo huyeyuka mara moja. Wavu wa mbu wa chuma huzuia mbu vilevile.

Uzio wa mbao uliounganishwa na nyumba huongoza moto hadi ukutani, hata kama ulianza kuwaka mwisho mwingine wa ua. Wajenzi wa California sasa hushauri kipande cha mwisho, au geti linalogusa nyumba, kiwe cha chuma. Kuni hukaa angalau mita tisa kutoka kwenye nyumba. Msimu wa baridi unapokaribia, familia nyingi huzisogeza barazani ili zisilowe na ziwe karibu na mlango. Urahisi huo wa wiki chache umeunguza nyumba nyingi. Mwenye jioni moja tu ya kufanya kazi aanzie juu ya paa na kwenye gata, kisha ashuke kwenye mita hiyo moja na nusu, na akikosa muda wa mengine atakuwa amefanya sehemu kubwa.

Ua na mteremko

Kutoka mita hiyo moja na nusu hadi mita tisa lengo hubadilika. Mimea inaruhusiwa, mradi moto usipate njia ya kutoka mmoja hadi mwingine. Nyasi hukatwa zisizidi sentimita 10. Matawi makavu huondolewa, na matawi ya chini ya miti mikubwa hupunguzwa hadi kimo cha karibu mita mbili, ili moto wa nyasi usipande kichakani, kutoka kichakani ukafika tawi la chini, na kutoka hapo kileleni. Matawi yaliyo karibu na bomba la moshi hukatwa yabaki umbali wa mita tatu. Mtungi wa gesi huwekwa mbali na nyumba na kuzungukwa na udongo mtupu.

Kufyeka kila kitu hadi udongo ubaki wazi si lazima, na kwenye mteremko ni kosa, kwani mvua za baridi zikianza udongo huporomoka. Bustani yenye mimea mibichi inayomwagiliwa na kusafishwa haina hatari kubwa. Kwenye mteremko, hata hivyo, nafasi kati ya mimea huongezwa. Moto hupanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa ndimi zake huinamia mimea iliyo juu, huikausha na kuiwasha kabla hazijaifikia. Nyumba iliyojengwa ukingoni mwa bonde ili kufurahia mandhari imekaa mahali ambapo moto hufika ukiwa na kasi yake kubwa kabisa.

Kati ya mita tisa na 30 inatosha kupunguza msongamano, kuondoa miti iliyokufa na kuacha nafasi kati ya vilele.

Moto unaoanzia kwa watu

Uchunguzi wa mioto ya nyika ya Marekani kati ya 1992 na 2012 ulionyesha kuwa asilimia 84 ya mioto iliyorekodiwa ilianzishwa na binadamu, na iliyobaki kwa radi. Katika majira ya kupukutika, ambapo radi California ni chache, mchango wa watu ni mkubwa zaidi. Moto wa Cedar, uliozuka karibu na San Diego mnamo Oktoba 2003, uliwashwa na mwindaji aliyepotea akitaka aonekane na waokoaji. Uliunguza zaidi ya hekta 110,000 na kuua watu 15. Septemba 2020, huko Yucaipa, kifaa cha kutoa moshi wa rangi kwenye sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto kiliwasha nyasi ndefu kavu, na askari mmoja wa zimamoto akapoteza maisha.

Mambo ya kila siku ni mengi zaidi kuliko hayo ya ajabu. Kazi ya kukata nyasi, ambayo ni ya kujikinga, huwasha mioto kila mwaka kwa sababu hufanywa mchana wa joto. Wakati wake ni kabla ya saa nne asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, na siku isiyo na upepo. Gari lililoegeshwa juu ya nyasi ndefu huziwasha kwa bomba la moshi lililo chini yake. Mnyororo wa tela unaoburuzwa barabarani hutoa cheche kwa kilomita nyingi bila dereva kujua. Kipande cha sigara hakihitaji maelezo.

Uchomaji wa takataka ndio unaodai uangalifu kuliko yote, California na Afrika Mashariki pia. Katika maeneo mengi ya California vibali vya kuchoma husitishwa wakati wa ukame na kurudishwa mvua zikishanyesha. Kinachoruhusiwa ni rundo dogo, lisilozidi mita 1.2 kwa upana, lililozungukwa na mita tatu za udongo mtupu, na mtu mzima akiwa hapo na koleo na maji mpaka mwisho. Neno mpaka mwisho lichukuliwe kama lilivyo. Tarehe 30 Desemba 2021, katika jimbo la Colorado, moto uliosukumwa na upepo mkali baada ya ukame mrefu wa majira ya kupukutika uliteketeza nyumba zaidi ya 1,000 katika siku moja. Wachunguzi walikuta kuwa mojawapo ya asili mbili za moto huo ilikuwa rundo la takataka lililochomwa siku sita kabla na kufukiwa udongo. Udongo huficha makaa na kuyahifadhi. Kinachoyaua ni maji: kumwaga, kukoroga kwa koleo, kumwaga tena, halafu kusogeza nyuma ya mkono kuhisi kama joto limekwisha.

Majivu ya jikoni huhitaji adabu ileile. Huwekwa kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, hulowanishwa, na ndoo hukaa juu ya saruji mbali na ukuta kwa siku kadhaa kabla ya kumwagwa. Mfuko wa plastiki na boksi havifai, hata majivu yakionekana yamepoa.

Moto wenyewe si adui siku zote. Makabila asilia ya California, miongoni mwao Wayurok na Wakaruk, walichoma misitu yao kwa utaratibu kwa karne nyingi, wakipunguza majani kabla hayajawa mzigo, hadi serikali ilipopiga marufuku. Sasa desturi hiyo inarudishwa taratibu. Wahifadhi wa misitu ya miombo nchini Tanzania wanaijua kwa jina la kuchoma mapema. Nyasi huchomwa kiangazi kinapoanza, zikiwa bado na unyevu, ili moto wa Septemba na Oktoba ukose chakula. Kazi hiyo huongozwa na wenye ujuzi wa upepo na majani, wala si ya mtu mmoja mwenye kiberiti nyuma ya nyumba.

Siku ya upepo

Kwa kuwa nyumba inayowaka hutoa joto kwa saa nzima au zaidi, ilhali moto wa miti hupita kwa dakika, jirani asiyesafisha ua wake ni hatari kubwa kuliko msitu. Mitaa iliyofanikiwa hufanya usafi kwa pamoja, na wenye nguvu huwapandia wazee na wajane kwenye paa zao. Huo ni ujirani wa kawaida ambao Waswahili hawahitaji kufundishwa, na thamani yake katika jambo hili ni kubwa kupita vifaa vyote vya dukani.

Tahadhari ya bendera nyekundu ikitolewa, viti vya nje, mito na mazulia huingizwa ndani, gata na baraza hufagiwa kwa mara ya mwisho, na magari huegeshwa yakielekea barabarani na mafuta ya kutosha. Amri ya kuhama ikitoka, watu huondoka. Huko Paradise barabara za kutokea zilikuwa chache na zilijaa mapema, na baadhi ya waliokufa walikutwa ndani ya magari yao. Wenye watoto, wazee, wagonjwa au mifugo huondoka kabla ya amri. Kabla ya kuondoka madirisha na milango yote hufungwa, ya ndani na ya nje, mapazia mepesi huondolewa madirishani, gesi hufungwa, na taa za nje huachwa zikiwaka ili askari waione nyumba kwenye moshi. Bomba la kumwagilia haliachwi wazi, kwani maji yakitiririka katika kila ua, askari hukosa msukumo wa maji pale wanapouhitaji.

Wakazi wanaporuhusiwa kurudi, dari, gata na baraza hukaguliwa, kisha hurudiwa baada ya saa chache. Cheche iliyozama kwenye ubao huweza kufuka kimya kwa muda mrefu kabla ya kuwaka, na nyumba zilizopona moto mkuu zimewahi kuungua baadaye kwa sababu hiyo.

Hatari ya msimu huisha mvua inapolowesha udongo. Manyunyu ya siku moja hayatoshi, kwa sababu nyasi nyembamba hukauka ndani ya saa chache upepo mkavu ukivuma. Mwaka 2024 mvua hizo zilichelewa. Los Angeles ilikuwa haijapata mvua ya maana tangu Mei, na mioto ya Palisades na Eaton iliyozuka 7 Januari 2025, katikati ya msimu ambao ungepaswa kuwa wa mvua, iliteketeza zaidi ya majengo 16,000. Reki na ngazi zisirudishwe stoo kwa kuangalia kalenda; zingoje mvua inyeshe.